Kiti Kipimwe Kikiwa Kiti

Hotuba kwa mafundi sofa, maafisa ugavi na wenye kumbi, Dar es Salaam

Mwenyekiti wa kikao, mafundi wetu wa Keko na wa maeneo mengine ya jiji, ndugu maafisa ugavi, wenye hoteli na wenye kumbi, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Nimepewa nafasi baada ya pilau, nafasi ambayo hakuna mzungumzaji anayeiombea, kwa hiyo nitasema langu mapema ili hata atakayesinzia awe ameshalisikia. Ninyi mnaonunua viti vya mahali pa watu wengi huuliza bei, huuliza rangi, huuliza densiti ya sponji. Dai pia kuoneshwa jinsi kiti chote kilivyojaribiwa kwa moto, kitambaa chake na sponji yake vikiwa pamoja. Na ninyi mnaovitengeneza, muwe na jibu.

Nilikagua majengo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Mkaguzi akiingia, mwenye jengo humpeleka kwenye mitungi ya kuzimia moto. Humwonesha kibandiko cha tarehe, humwonesha mlango wa dharura uliopakwa rangi asubuhi ile ile. Hakuna aliyewahi kunipeleka kwenye kochi la mapokezi. Nami nakiri kazi yetu ilitufundisha kutazama ukutani na darini kuliko kutazama tulipoketi.

Tarehe 8 Mei 1979, mchana wa siku ya kazi, duka kubwa la Woolworths katikati ya Manchester, Uingereza, lilishika moto. Ghorofa ya pili iliuza samani, na kwenye ghorofa hiyo hiyo palikuwa na mgahawa. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye waya wa umeme ulioharibika, ambao makochi yalikuwa yamerundikwa mbele yake. Moshi mzito wa sponji ukajaa haraka kuliko watu walivyoweza kuinuka na kutafuta ngazi. Watu 10 walikufa. Madirisha ya juu yalikuwa na nondo, na wazimamoto walilazimika kuzikata ili kuwatoa waliokwama. Madirisha ya nondo tunayajua vizuri. Ukitoka hapa inua macho uangalie ghorofa za mtaa huu.

Wenye kumbi, mliokaa safu ya mbele, hili la pili ni lenu. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 1981, vijana walikuwa wakicheza disko kwenye ukumbi wa Stardust, Artane, mjini Dublin. Viti vya ukumbi ule vilikuwa vya sponji ya poliyurethani iliyovalishwa plastiki ya PVC, kitu ambacho sokoni kwetu kinauzwa kwa jina la leza. Ukutani walikuwa wamebandika vipande vya zulia. Watu waliona moto kwenye safu za viti za upande mmoja uliokuwa umefungwa kwa pazia, moto ambao mwanzoni ulionekana mdogo wa kuzimika. Baadhi ya milango ya kutokea ilikuwa imefungwa au imezibwa. Walikufa 48, wengi wao hata miaka ishirini na tano hawajafika. Familia zao zilihangaika zaidi ya miaka arobaini, mpaka Aprili 2024 baraza la uchunguzi wa vifo lilipotamka kwamba wote 48 waliuawa isivyo halali, na serikali ya Ireland ikaomba radhi.

Sasa tuiangalie sponji yenyewe, maana mafundi mnaishika kila siku na pengine hakuna aliyewahi kukaa nanyi akawaeleza. Poliyurethani ni zao la mafuta ya petroli lililojazwa hewa. Ikishika moto haitulii pale iliposhika. Huyeyuka, ikadondoka chini ya kiti, ikafanya kidimbwi kinachowaka na kukipasha kiti kwa chini. Kwa kuwa ina nitrojeni ndani yake, moshi wake huja na hidrojeni sayanidi pamoja na kaboni monoksidi. Kaboni monoksidi huizuia damu kubeba oksijeni. Sayanidi huuzuia mwili kuitumia hata hiyo kidogo iliyofika. Mtu hulegea miguu akiwa bado mbali na moto. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema “moto ulikuwa mdogo, wangekimbia tu,” najua hajawahi kuuvuta moshi wa kochi.

Maabara ya Underwriters Laboratories ya Marekani iliwahi kupanga sebule mbili za ukubwa mmoja, moja ikiwa na samani za kisasa za sponji na nyuzi za plastiki, nyingine ikiwa na samani za zamani za mbao na pamba. Zikawashwa. Ile ya kisasa ililipuka moto chumba kizima, sakafu hadi dari, baada ya dakika 3 na sekunde 40. Ile ya zamani ilichukua dakika 29 na sekunde 25. Dakika tatu na sekunde arobaini, wenye kumbi, ni muda ambao MC wenu bado anawaambia wageni wasiwe na wasiwasi.

Wazee mliopo mnakumbuka magodoro ya sufi na ya makumbi. Sisemi turudi huko. Pamba ikipata kipisi cha sigara hufukuta taratibu kwa saa nyingi bila mwali, na moto wa kufukuta huwakuta watu wamelala. Sponji ni nyepesi, inapatikana, na fundi huikata kwa kisu huku anaongea na simu. Hatuiachi. Tunachotaka ni kujua inavyofanya ikiwa ndani ya kiti, na hapo ndipo wakubwa wa dunia walipojikwaa kabla yetu.

Mwaka 1975 jimbo la California lilitoa kanuni iliyoitwa TB 117. Jaribio lake lilikuwa jepesi: chukua sponji tupu, bila kitambaa, iwekee mwali mdogo kwa sekunde 12, uone kama itashika. Viwanda vikafaulu kwa kuchanganya kemikali za kuzuia moto ndani ya sponji. California ni soko kubwa, hivyo watengenezaji wengi wa Marekani wakaona bora kutengeneza sofa zao zote kwa kanuni hiyo hiyo. Kila sofa ikawa na kibandiko, kila mtu akalala usingizi.

Ila moto hauanzi kwenye sponji. Huanza kwenye kitambaa. Kitambaa kikishawaka chote, mwali unaoifikia sponji ni mkubwa mara nyingi kuliko ule wa maabara, na ile kemikali haina tena la kufanya. Ni sawa na kupima ugumu wa kufuli la kabati wakati mwizi ameshapita mlango wa mbele akiwa na shoka. Vytenis Babrauskas, mtaalamu aliyebuni kifaa kinachotumika duniani kote kupima joto linalotolewa na kitu kinachoungua, alikuwa miongoni mwa waliosema wazi kwamba kiasi kile cha kemikali hakikuwa kinampa mwenye sofa usalama wa maana.

Na gharama ilikuwepo. Mojawapo ya kemikali hizo, pentaBDE, haikukaa ndani ya sponji. Ilitoka ikachanganyika na vumbi la nyumbani, na watafiti wakaikuta katika maziwa ya akina mama. Mwaka 2009 ikaingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kuondolewa duniani, mkataba ambao Tanzania na Kenya zimeuridhia. California nayo ikageuka. Kanuni mpya, TB 117-2013, iliachana na ule mwali juu ya sponji tupu, ikaweka jaribio la kufukuta linaloanza na kitambaa. Ikawa lazima Januari 2015, na Juni 2021 ikawa kanuni ya Marekani nzima. Tangu Januari 2020 jimbo hilo limekataza kuuza sofa mpya yenye kemikali za kuzuia moto zaidi ya sehemu 1,000 kwa milioni. Nawaeleza haya wanaonunua sofa za mtumba kutoka nje wakiamini ni salama kwa sababu zina kibandiko cha zamani. Kibandiko kile kinakuambia kuna kemikali ndani. Zaidi ya hapo hakikuahidi kitu.

California hiyo hiyo, kwa majengo ya umma, ilikuwa na kanuni nyingine, TB 133, na hii niliipenda. Hawakupima kipande. Walichukua kiti kilichokamilika, wakakiweka ndani ya chumba, wakakiwashia kichomeo cha gesi cha kilowati 18 kwa sekunde 80, kisha wakapima kasi ya joto lililokuwa likitoka. Kikizidi kilowati 80, kimefeli. Sofa ya kawaida ya sponji huweza kutoa zaidi ya kilowati 2,000, kwa hiyo mnaona ukali wa kipimo. Hospitali, magereza, nyumba za wazee na kumbi za California zilinunua viti kwa kipimo hicho.

Januari 2019 wakaifuta. Najua kuna bwana mmoja hapa atakayeinuka kusema, kama wenyewe wameifuta, sisi ya nini? Waliifuta kwa sababu majengo yao mengi ya umma yameshawekwa mabomba ya kunyunyiza maji darini, wavutaji sigara wamepungua, na waliogopa watengenezaji kurudia zile kemikali ili wafaulu. Angalieni dari ya ukumbi huu, kisha mniambie kama sababu yao ya kwanza inatuhusu.

Kwa matumizi yetu nawashauri mfumo wa Uingereza, kwa sababu umepanga majengo kwa hatari yake na kwa sababu tayari upo kwenye lebo za vitambaa mnavyouziwa. Baada ya moto wa Manchester na mingine iliyofuata, kanuni za 1988 ziliondoa sponji ya kawaida kwenye makochi mapya ya nyumbani. Viti vya majengo ya umma vina kiwango chao, BS 7176, chenye madaraja manne. Daraja la chini ni la maofisi na mahali kama hapo: kiti kiwekewe sigara inayofuka, kisha mwali mdogo unaolingana na wa kiberiti, kisishike. Daraja la wastani ni la hoteli, hospitali, migahawa na kumbi, na hapo huongezwa kichanja kidogo cha vijiti vya mbao chenye uzito wa gramu 17 hivi, kinachowashwa kwenye kona ya kukalia na kuegemea. Mwali uzimike wenyewe ndani ya dakika 10. Hilo ndilo jaribio linaloitwa Crib 5. Madaraja mawili ya juu sitayachambua. Ya juu kabisa ni kwa mahali kama seli za magereza, ambako mtu anaweza kukichana kiti makusudi na kukiwasha, na mlango umefungwa kwa nje.

Hapa mafundi nisikilizeni. Mnanunua kitambaa kimeandikwa Crib 5, mteja anafurahi, mnakwenda kukivalisha juu ya sponji yoyote iliyopo dukani. Kiti hicho si Crib 5. Kitambaa kile kilijaribiwa juu ya sponji fulani yenye sifa fulani, na cheti chake ni cha ndoa ile. Badilisha sponji, ongeza pamba ya juu ya kulainisha, tia kitambaa cha ndani cha aina nyingine, na matokeo yanabadilika. Hali kadhalika fundi anayeitwa hotelini kubadilisha vitambaa vya viti mia mbili kwa sababu rangi imepitwa. Viti vilikuja na vyeti. Vikitoka mikononi mwake havina tena, na meneja hajui.

Halafu kuna wauza dawa ya kupulizia. Wanakuja na chupa, wanapuliza kitambaa, wanawasha kiberiti mbele yako, hakishiki, unalipa. Nyingi ya dawa hizo ni chumvi zinazoyeyuka kwenye maji. Uingereza, kitambaa kilichotiwa dawa hulowekwa kwanza ndipo kijaribiwe, kwa sababu wanajua kiti cha umma kitamwagiwa soda na kitaoshwa. Kwetu sofa za ukumbi huoshwa kwa sabuni na mashine kila baada ya msimu wa harusi. Mpe muuzaji kipande, mwambie akiloweke usiku kucha, akianike, arudi nacho kesho na kiberiti chake. Wengi hawatarudi.

Kuna mbinu zisizohitaji dawa, na fundi mzuri anaziweza. Kitambaa cha sufu ya kondoo hakishiki kirahisi kama poliesta, ingawa kwa joto la Dar sidhani kama mteja atakishukuru. Lipo tabaka la kati, kitambaa cha nyuzi zisizoungua kinachofungwa kuizunguka sponji kabla ya kuvalisha cha juu. Ndiyo njia ninayoipendelea, maana inalinda hata cha juu kikichanika kidogo. Na ipo njia ambayo wauza sponji hawataipenda: tumia sponji kidogo. Benchi la kusubiria dawa hospitalini halihitaji inchi sita. Viti vya chuma vyenye matundu vinakaliwa viwanja vya ndege vya dunia nzima na hakuna aliyewahi kukosa ndege kwa sababu yake.

Mtu ameniuliza wakati wa chai kuhusu mabweni. Godoro lina kiwango chake tofauti, BS 7177 kwa Waingereza, lakini sponji ni ile ile, na bweni ni jengo la umma lenye sponji nyingi kuliko ukumbi wowote wa jiji hili. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, moto katika bweni la shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, Kenya, uliua wavulana 21. Bweni lile lililaza zaidi ya watoto 150. Mwongozo wa usalama shuleni wa Kenya wa 2008 ulikuwa umeshaandika kwamba vitanda viachane mita 1.2, njia ya katikati isipungue mita 2, milango ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na nondo. Hivyo vipimo havikuandikwa kwa ajili ya urembo. Godoro moja likiwaka, nafasi ile ndiyo inayoamua kama la jirani litafuata mara moja au baadaye. Mwalimu mkuu anayeongeza vitanda katikati ameondoa kinga iliyokuwepo bure.

Na wenye boti, nimewaona. Kanuni za kimataifa za majaribio ya moto kwa meli, zile za IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, za 2010, zina sehemu nzima kuhusu viti vya kuvalishwa. Mnapoagiza viti vipya, dai cheti cha sehemu ya 8. Baharini hakuna mlango wa dharura wa kutokea uani.

Maafisa ugavi, sasa kalamu. Waraka wa zabuni usiseme “sofa imara zenye ubora wa hali ya juu.” Useme kwamba kiti, kikiwa na kitambaa na sponji zile zile zitakazoletwa, kiwe kimefaulu BS 7176 daraja la wastani kwa hospitali, hoteli na kumbi; kwa ofisi, EN 1021 sehemu ya 1 na ya 2, yale majaribio ya sigara na ya mwali wa kiberiti, inatosha. Cheti kitoke maabara inayotambulika, na kitaje kitambaa na sponji kwa majina. Kisha, jambo linalosahaulika kila mara, waraka uipe kamati ya ukaguzi na mapokezi ruhusa ya kufumua kiti kimoja itakachokichagua yenyewe siku mzigo unapofika. Mzabuni akijua kiti kimoja kitafumuliwa, na hajui kipi, mengine yote atayanyoosha mwenyewe.

Mtaniambia bei itapanda. Itapanda, sipingi. Lakini zabuni ikidai kipimo hicho kwa kila mzabuni, hakuna fundi mwaminifu atakayeshindwa na mwenzake aliyejaza takataka. Leo hii ndivyo inavyokuwa: aliyetia sponji nzuri anashindwa kwa bei, na kamati inampongeza aliyeshinda.

Kwa viti vilivyokwisha kununuliwa, msivitupe kesho. Vilivyochanika mpaka sponji inaonekana viondoeni kwanza, hivyo ndivyo hatari kuliko vyote. Soketi na waya za kuongezea umeme zisikae nyuma ya makochi wala chini yake. Viti vya akiba msivirundike chini ya ngazi, mahali ambapo kila ukumbi wa mji huu unaona ndipo pa kuvirundika. Sofa kubwa isikae kwenye njia ya kutokea hata kama inapendeza pale. Na karakana zenu, mafundi: ile gundi ya kopo mnayoibandikia sponji hutoa mvuke unaoshika moto, basi mpishi wa chai asikae karibu nayo. Moto ukikushinda toka nje na wenzako, piga 114.

Maswali nitayapokea nje. Nyuma ya ukumbi fundi mmoja wetu ametengeneza viti viwili vidogo vinavyofanana kwa macho, kimoja cha sponji ya kawaida na poliesta, kingine chenye lile tabaka la kati. Nitaweka kichanja cha vijiti kwenye kila kimoja. Wenye pumu na wajawazito tafadhali mbaki ndani. Wengine simameni upande upepo unakotokea, mitungi miwili iko tayari pale kushoto, na mwenye saa ya sekunde aanze kuhesabu nikishawasha.